Shimo jeusi dogo likipenya sayari: shajara ya kielelezo cha kompyuta

Shajara hii ni ya kazi moja: kuandika programu inayokokotoa kinachoipata sayari yenye muundo kama wa Dunia pale shimo jeusi dogo linapoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Ninaiandika kwa tarehe ili anayetaka kuirudia kazi asipoteze saa nilizopoteza mimi. Yaliyokwenda sawa nitayapitia haraka, na yaliyoharibika nitayaeleza kwa kirefu.

11 Januari 2025: Kuchagua shimo

Mashimo meusi yanayotokana na nyota zilizokufa yana tungamo la Majua kadhaa, na sayari ikikutana na mojawapo hakuna cha kukokotoa kuhusu kupenywa. Mashimo madogo, kama yapo, yalizaliwa mwanzoni kabisa mwa ulimwengu. Wazo hilo lilitolewa na Zeldovich na Novikov katika miaka ya 1960, na Stephen Hawking akaliendeleza mwaka 1971.

Nilianza na tungamo la kilogramu 10¹², kwa sababu nusukipenyo cha upeo wake (mpaka ambao hata mwanga ukiuvuka haurudi) ni takriban mita 1.5 × 10⁻¹⁵, ukubwa unaokaribiana na wa protoni, nami niliona mfano huo utaeleweka upesi. Lilikuwa chaguo baya. Mwaka 1974 Hawking alionyesha kwamba shimo jeusi hutoa mnururisho, na kadiri linavyokuwa dogo ndivyo joto lake linavyopanda. Kwa fomula yake rahisi, shimo la kilogramu 10¹² lina jotoridi la kelvini bilioni 120 na hutoa wati milioni 356. Likivuka sayari kwa sekunde 51 litaacha jouli bilioni 18 za mnururisho, ilhali mvutano wake kwa miamba utaacha jouli milioni mbili na ushei tu. Nilitaka kuusoma mvutano, na hapo ungefunikwa kabisa na joto.

Kwa kuwa nishati ya mvutano hukua kwa mraba wa tungamo na ile ya mnururisho hupungua kwa mraba huohuo, mistari miwili hukutana karibu na kilogramu 10¹³. Nikapanda hadi kilogramu 10¹⁵ na nikabaki hapo. Nusukipenyo cha upeo wake ni mita 1.5 × 10⁻¹², yaani takriban sehemu moja ya 36 ya nusukipenyo cha atomi ya haidrojeni, na mnururisho wake ni wati 356 tu. Tungamo hilo ni sawa na la asteroidi ya mawe yenye kipenyo cha kilomita 9 hivi. Kasi niliyochagua ni kilomita 250 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa vitu vinavyozunguka katika galaksi yetu pasipo kufungwa na Jua.

Gharama ya hatua hii: jioni mbili na kurasa sita za daftari.

18 Januari 2025: Hesabu ya mkono kabla ya programu

Shimo linapita kwa kasi kuliko sauti ndani ya mwamba kwa mara 18 na zaidi, kwa hiyo mwamba haupati nafasi ya kusogea wakati shimo lingali karibu. Unachopata ni msukumo mmoja wa ghafla kuelekea kwenye njia ya shimo. Kasi ya msukumo huo ni Δv = 2GM/(bv), ambapo G ni namba thabiti ya mvutano, M ni tungamo la shimo, b ni umbali kutoka kwenye njia na v ni kasi ya shimo. Kwa shimo langu, mwamba ulio mita 1 kutoka njiani unapata kasi ya mita 0.53 kwa sekunde. Ulio sentimita 1 unapata mita 53. Ulio milimita 1 unapata mita 534. Uzani wa mwamba haumo katika fomula: hewa na chuma vilivyo umbali mmoja husukumwa kwa kasi ileile.

Nilipojumlisha nishati ya misukumo yote kwa kila mita ya njia, nilipata 4πG²M²ρ/v² (ρ ni msongamano wa mwamba) mara logi asilia ya uwiano kati ya umbali mkubwa na umbali mdogo kabisa. Logi hiyo ndiyo kiini cha kazi nzima, ingawa siku ile niliipita tu. Maana yake ni kwamba kila umbali unapozidishwa mara kumi, tabaka jipya hupokea nishati sawasawa na lililotangulia: kati ya mikromita 1 na 10 kiasi kilekile, kati ya mita 1 na 10 kiasi kilekile, kati ya kilomita 100 na 1,000 kiasi kilekile. Umbali mdogo ni GM/v², ambao kwa shimo langu ni karibu mikromita 1, na mkubwa ni nusukipenyo cha sayari. Kati yao kuna madaraja karibu 12.8 ya kumi, na logi inakuwa 29.4.

Jibu la kwanza: jouli 1.8 × 10¹² kwa njia inayopita katikati ya sayari.

25 Januari 2025: Kosa la msongamano

Jibu hilo si sahihi, na kosa lake ni la kawaida kiasi kwamba nalieleza. Nilitumia msongamano wa wastani wa Dunia, kilogramu 5,515 kwa mita ya ujazo. Wastani huo ni wa ujazo, na sehemu kubwa ya ujazo wa tufe iko karibu na nje, kwenye miamba myepesi. Shimo halipiti katika ujazo. Linapita katika mstari, na mstari unaopitia katikati hutumia zaidi ya nusu ya urefu wake ndani ya kiini cha chuma.

Nikaingiza kielelezo cha PREM, kilichochapishwa na Dziewonski na Anderson mwaka 1981, ambacho hutoa msongamano na kasi ya mawimbi kwa kila kina. Wastani wa mstari ukawa karibu kilogramu 8,500 kwa mita ya ujazo, na nishati ikapanda hadi jouli 2.8 × 10¹², sawa na tani 670 hivi za baruti ya TNT zilizotandazwa kwenye mstari wa kilomita 12,742.

Tahadhari kwa atakayetumia PREM: kilomita 3 za juu kabisa ni maji ya bahari. Niliona shimo langu likiingia sayari bila kuvunja chochote, nikatafuta hitilafu kwa saa nne kabla ya kugundua kwamba linaanzia majini. Nimebadilisha tabaka hilo kuwa mwamba wa ganda.

2 Februari 2025: Shimo lisilopungua kasi

Programu ya kwanza ilifuata mwendo wa shimo kwa hatua za sekunde 0.01. Ilimaliza safari kwa dakika mbili, na kasi ya kutoka ikawa sawa na ya kuingia hadi tarakimu ya mwisho. Nilifurahi mno kuona nishati imehifadhiwa vizuri, kumbe msuguano wenyewe haukufanya kazi.

Sababu ni namna kompyuta inavyohifadhi namba. Nguvu inayolirudisha shimo nyuma ni karibu nyutoni 220,000, sawa na uzito wa lori lililojaa, lakini inasukuma tungamo la kilogramu 10¹⁵. Katika hatua moja kasi inapungua kwa mita 2 × 10⁻¹² kwa sekunde. Namba ya biti 64 inayobeba 250,000 haiwezi kutofautisha mabadiliko yaliyo chini ya takriban 1.5 × 10⁻¹¹. Huyakadiria kuwa sifuri. Kila hatua ilitoa sifuri kwenye kasi, na hatua 5,100 za sifuri ni sifuri.

Suluhisho ni kuihifadhi kasi iliyopotea katika kigezo chake peke yake, na kuijumlisha na kasi kuu wakati wa kuchapisha tu. Baada ya hapo shimo lilipoteza nanomita 11 hivi kwa sekunde kati ya kilomita 250 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho sayari haiwezi kulinasa. Njia yake ndani ya sayari ni karibu mstari ulionyooka, na nimeacha kuikokotoa kwa namna nyingine yoyote.

15 Februari 2025: Shanga 42

Hapa ndipo kazi ilipolemea. Kwa mawimbi ya tetemeko nilitaka gridi ya pande tatu yenye seli za kilomita 10. Dunia inahitaji seli bilioni 1.08 za ukubwa huo, na kwa vigezo tisa kila seli kumbukumbu inafika gigabaiti 78. Kompyuta yangu ina 32. Nikapanua seli hadi kilomita 40, zikawa milioni 17, na kazi ikaingia vizuri.

Nikaiacha iendeshe kwa saa 46. Picha ya kwanza ilionyesha kitu kilichonivutia kabla ya kunitia shaka: badala ya wimbi moja lenye umbo la koni nyembamba, kulikuwa na madoa ya mviringo yaliyopangika njiani kama shanga kwenye uzi, kila doa likitoa wimbi lake. Niliyahesabu, yalikuwa 42.

Hatua ya muda ilikuwa sekunde 1.2, inayofaa kwa mawimbi yanayokwenda kilomita 13.7 kwa sekunde katika sehemu ya chini kabisa ya mantili, yaani tabaka nene la mwamba kati ya ganda na kiini. Lakini ndani ya sekunde 1.2 shimo husafiri kilomita 300, yaani seli saba na nusu. Programu ilikuwa ikilisoma shimo mwishoni mwa kila hatua tu, ikisukuma miamba iliyo hapo na kuiruka yote ya katikati. Sekunde 51 kugawanya 1.2 ni 42 na ushei.

Kupunguza hatua kungeongeza muda wa kukokotoa mara nane au zaidi. Niliona afadhali kubadilisha namna ya kusukuma: kwa kila hatua, kila seli hupokea msukumo uliokokotolewa kwa fomula kamili ya kipande chote cha mstari ambacho shimo limekipita, si kwa nukta moja. Fomula hiyo ina mistari minne tu ya programu. Shanga zikatoweka, koni ikaonekana, na pembe yake kwenye mantili ikawa kati ya nyuzi 2 na 3, kama inavyotarajiwa kasi ya sauti ikigawanywa kwa kasi ya shimo.

Gharama: saa 46 zilizopotea, na saa 49 za kurudia.

1 Machi 2025: Asilimia 83 zisizoonekana

Picha ilikuwa nzuri, lakini nishati yote ndani ya gridi ilikuwa asilimia 17 tu ya hesabu ya mkono. Nilipekua programu nzima kwa wiki moja nikitafuta mahali nishati inapovujia. Haikuvuja. Haikuwahi kuingia.

Ndipo niliporudi kwenye ile logi ya tarehe 18 Januari. Seli ya kilomita 40 haioni lolote linalotokea karibu zaidi ya kilomita 40. Kutoka hapo hadi nusukipenyo cha sayari kuna madaraja 2.2 ya kumi kati ya 12.8, mengine yote yako ndani ya seli moja. Katika matatizo mengi ya fizikia mtu akipuuza kilicho kidogo kuliko seli yake hupoteza kidogo. Hapa hakuna daraja lililo dogo: tabaka la mikromita lina haki sawa na tabaka la kilomita elfu, na gridi yoyote yenye seli sawa italipuuza mojawapo ya hayo mawili. Hata seli za mita moja zingekosa karibu nusu ya nishati.

Kwa hiyo nimeigawa kazi. Ndani ya kilomita 40 kutoka njiani natumia silinda yenye matabaka 400 yanayopanuka kwa uwiano, kuanzia mikromita 1, takriban matabaka 38 kwa kila daraja la kumi. Silinda hiyo inakokotolewa peke yake kwa vina 12 tofauti, na kila moja humaliza kwa saa moja na nusu hivi. Wimbi linalofika ukingoni mwake hukabidhiwa kwa gridi kubwa.

9 Machi 2025: Ndani ya bamba la granaiti

Jaribio la kwanza la silinda lilikuwa bamba la granaiti lenye unene wa sentimita 10. Shimo hulivuka kwa sekunde 4 × 10⁻⁷. Katika toleo la kwanza liliacha handaki tupu lenye upana wa sentimita mbili ambalo halikuzibika, na kwa siku mbili niliamini nimepata jambo kubwa. Kosa lilikuwa kwamba nilizichukulia chembe za mwamba kama vumbi lisilogusana: kila chembe ilivutwa hadi katikati, ikapishana na zilizotoka upande wa pili, na ikaendelea na safari yake. Mwamba haufanyi hivyo. Nilipoongeza mlinganyo wa hali wa Tillotson, unaounganisha presha, msongamano na nishati ya mwamba na unaotumika sana katika uigaji wa migongano ya vimondo, chembe zilianza kugongana kama inavyopasa.

Hili ndilo linalotokea, kwa ukaribu. Mwamba ulio milimita 0.3 kutoka njiani hupata kasi ya karibu mita 1,800 kwa sekunde kuelekea ndani. Unafika katikati baada ya sekunde 1.7 × 10⁻⁷, na wakati huo shimo limekwisha kutangulia sentimita 4. Mwamba unajigonga wenyewe mahali ambapo shimo halipo tena. Mgongano huo unatosha kuuyeyusha, na karibu na milimita 0.1 unatosha kuufanya mvuke. Kisha presha inarudi nje kama wimbi la mshtuko. Kinachobaki ni uzi wa kioo wenye upana wa milimita 0.6 hivi, uliozungukwa na granaiti iliyosagika kwa sentimita chache na nyufa nyembamba zinazofika makumi ya sentimita.

Chini zaidi picha ni nyingine. Mpakani mwa mantili na kiini presha ni gigapascali 136, na hakuna ufa unaoweza kubaki wazi. Uzi wa joto unabaki, lakini njia hujifunga mara moja.

22 Machi 2025: Namba niliyoiazima mahali pasipofaa

Shimo pia linameza. Nusukipenyo cha kunasa ni 2GM/v², yaani mikromita 2.1, na kila kilichomo ndani ya mrija huo huweza kuangukia shimoni. Kwa njia nzima hiyo ni kilogramu 1.6 za miamba na chuma. Sayari yenye kilogramu 6 × 10²⁴ haina haja ya kuhesabu hasara hiyo.

Nishati inayotolewa na vitu vinavyoanguka ndiyo iliyonitia matatani. Niliweka ufanisi wa 0.1, yaani sehemu ya kumi ya nishati yote ya tungamo linalomezwa hutoka nje, namba inayotumika kwa kwasari (mashimo meusi makubwa mno yanayomeza gesi katikati ya galaksi), na matokeo yakaruka hadi jouli 1.4 × 10¹⁶, sawa na tani milioni 3.4 za TNT. Athari nyingine zote zikawa si kitu mbele yake. Niliandika ukurasa mzima wa matokeo hayo kabla ya kujiuliza kwa nini kwasari ina ufanisi huo. Inao kwa sababu gesi yake inazunguka katika sahani, inasuguana kwa muda mrefu, na inang'aa kabla ya kuzama. Mwamba unaoangukia nyuma ya shimo langu hutoka pande zote karibu sawasawa, hauna mzunguko wa maana, na huzama ndani ya muda unaokaribiana na sekunde 10⁻¹¹. Nishati kubwa inazama pamoja nao kabla haijapata wakati wa kutoka.

Ukurasa ule nimeufuta. Ufanisi sasa ni kigezo cha kuingizwa na mtumiaji, na chaguo-msingi ni 10⁻⁵, ambalo linaongeza jouli 1.4 × 10¹², nusu ya nishati ya mvutano. Yeyote atakayepandisha kigezo hicho aandike waziwazi amekipandisha kwa sababu gani, maana namba hiyo moja inaweza kugeuza jibu lote.

5 Aprili 2025: Kuunganisha silinda na gridi

Uendeshaji wa kwanza wa pamoja ulitoa nishati ya mvutano iliyozidi hesabu ya mkono kwa asilimia 2.4. Safari hii sikupekua programu. Niligawanya logi asilia ya 2 kwa 29.4 na kupata 0.024. Mahali fulani tabaka moja ambalo umbali wake unaongezeka maradufu lilikuwa likihesabiwa mara mbili. Kweli: silinda iliishia kilomita 80 badala ya 40, na seli za kwanza za gridi zilikuwa zikisukumwa tena. Kurekebisha kulichukua dakika tano.

Matokeo ya uendeshaji safi, uliochukua saa 67, ni haya. Hata kama nishati yote ya mvutano ingegeuka mawimbi, ingelingana na tetemeko la ukubwa wa 5.1 kwa uhusiano wa Gutenberg na Richter, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto. Wimbi lenyewe halifanani na la tetemeko: chanzo chake ni mstari unaowaka wote ndani ya sekunde 51, muda mfupi mno kwa wimbi la P, lile la tetemeko linalotangulia mengine, ambalo huhitaji dakika 20 kuvuka Dunia. Kabla ya wimbi lolote kufika, uso wote wa sayari hutikiswa na mvutano wa shimo moja kwa moja. Kwa umbali wa kilomita 6,371 msukumo huo ni nanomita 84 kwa sekunde, ndani ya uwezo wa vipima-tetemeko vilivyo mahali patulivu. Luo, Hanasoge, Tromp na Pretorius walieleza mwaka 2012 wimbi linalofika karibu kwa wakati mmoja kila mahali usoni mwa Dunia, na nimefarijika kuliona katika gridi ndogo kama yangu.

Kuhusu mara ngapi: kama maada yote ya giza, ile isiyoonekana ila kwa mvutano wake, ingekuwa mashimo ya tungamo hili, Dunia ingepenywa mara moja kwa kila miaka bilioni 2 hivi.

12 Aprili 2025: Upande wa kutokea

Mwaka 1973 Jackson na Ryan walipendekeza kwamba mlipuko wa Tunguska, Siberia, wa Juni 30, 1908 ulisababishwa na shimo jeusi. Pingamizi kubwa lilikuwa kwamba shimo lingetokea upande wa pili, katika Atlantiki ya Kaskazini, na huko hakuna kilichorekodiwa. Kielelezo changu kinakubaliana na pingamizi hilo: kwa kuwa kasi haipungui, alama ya kutokea ni pacha wa alama ya kuingia. Tofauti pekee niliyoiona ni kwamba upande wa kutokea vipande vidogo vya mwamba hurushwa juu zaidi, kwa sababu wimbi la mshtuko linafika usoni likifuata mwendo wa shimo.

Tofauti hiyo sijaiamini bado. Tabaka la mwisho la silinda chini ya uso lina unene wa sentimita 3 kuelekea juu, na vipande ninavyovizungumzia ni vya milimita. Nimeligawa tabaka hilo mara kumi na uendeshaji umeanza leo asubuhi; utahitaji saa 30 hivi. Jumla hadi sasa ni saa 240 za kompyuta inayotumia wati 300, yaani kilowati-saa 72, na gigabaiti 410 za matokeo, ambazo 290 kati yake ni za gridi ya shanga nami nitazifuta uendeshaji huu ukimalizika.